Hakukuacha, Aliuzwa

Swali: Mimi ni kijana wa miaka 29, ninaishi Tabata na ninafanya kazi ya uhasibu maeneo ya Posta. Niliipenda Dallas Mavericks, timu ya kikapu ya Marekani, tangu mwaka 2018 alipofika mchezaji Luka Dončić. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kumtazama, kisha asubuhi nakwenda kazini. Mwaka 2024 tulifika fainali. Miezi minane baadaye wakamuuza. Jumapili ile ya Februari 2025 nilikuwa najiandaa kwenda misa ndipo nikaona kwenye simu kwamba amepelekwa Los Angeles Lakers. Mama aliponisikia nikisema "Luka ameuzwa" akauliza Luka yupi, maana anayemjua yeye aliyeuzwa na ndugu zake ni Yusufu. Tangu siku hiyo sijatazama mchezo hata mmoja hadi mwisho. Jezi yangu ya namba 77 niliyoinunua Kariakoo nimeirudisha kwenye mfuko wake na kuiweka juu ya kabati. Kijiweni wananicheka, na mke wangu anasema mtu mzima hamlilii mtu asiyemjua. Je, nimfuate Lakers, nibaki na Dallas, au niachane na kikapu kabisa? Na kwa nini inaniuma hivi kwa mtu ambaye ametuacha?

Jibu: Ndugu msomaji, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye neno lile la mwisho ulilolitumia, yaani "ametuacha". Katika lugha yetu neno hilo lina kazi mbili zinazopingana. Mke aliyepewa talaka husema ameachwa, na hapo kuna mkosaji ambaye jina lake linajulikana. Mfiwa anayetangaza msiba naye husema mzee ametuacha, na hapo hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa marehemu hakuchagua kwenda. Wewe umezichukua hisia zote mbili, hasira ya mtalaka na huzuni ya mfiwa, ukazitia katika kitenzi kimoja na kumbebesha Luka. Ninaamini sehemu kubwa ya mzigo ulio nao inatokana na hapo, kwa sababu katika mistari michache tu kabla ya neno hilo wewe mwenyewe ulikuwa umeshaandika ukweli wenyewe: "wakamuuza".

Naomba tukae kidogo kwenye jambo hili, maana nadhani linatusumbua sisi wa Dar es Salaam kuliko mashabiki wa huko Marekani. Tumelelewa na Simba na Yanga. Katika soka, klabu haiwezi kumhamishia mchezaji kwenye klabu nyingine bila yeye mwenyewe kukubali na kutia saini mkataba mpya, au basi mkataba wake uwe umekwisha na yeye yuko huru kwenda anakotaka. Clatous Chama alipohamia Yanga Julai 2024 baada ya mkataba wake na Simba kumalizika, shabiki wa Simba aliyenuna alikuwa na haki ya kunung'unika kwamba mtu huyu amekaa mezani, ameshika kalamu, amechagua. Masikio yetu yamezoea hivyo, kiasi kwamba tukisikia mchezaji amebadilisha jezi tunauliza papo hapo: alikubalije?

Katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, swali hilo mara nyingi halina maana. Kinachobadilishwa kule ni mkataba, na mchezaji anaufuata mkataba wake kama samani inavyofuata nyumba iliyouzwa. Timu mbili zikishakubaliana, mchezaji hupewa taarifa, hupimwa afya na kutakiwa kuripoti kwa mwajiri mpya. Kinga ipo, lakini ni ya wachache: mchezaji anaweza kujadiliana ili mkataba wake uwe na kipengele cha kuzuia kuhamishwa iwapo tu ametumikia ligi kwa misimu isiyopungua minane, na minne kati ya hiyo awe ameichezea timu hiyohiyo. LeBron James alikuwa na kipengele hicho wakati Luka anawasili Lakers. Luka mwenyewe alikuwa katika msimu wake wa saba, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuwa nacho hata kama angekitamani. Anthony Davis, aliyekwenda Dallas upande wa pili wa biashara hiyo pamoja na Max Christie na haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza mwaka 2029, naye alijikuta katika hali ileile.

Kuna na upande wa fedha, ambao kijiweni kwenu pengine hawaujui. Kama angebaki Dallas hadi kiangazi cha mwaka 2025, Luka angestahili kusaini mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 345. Mkataba wa kiwango hicho hutolewa na timu iliyomlea mchezaji tangu mwanzo wa safari yake, na haki hiyo hupotea anapohamishwa akiwa ameshavuka miaka yake ya awali. Wewe ni mhasibu. Niambie ni mtu gani anayepanga kuondoka miezi michache kabla ya kuandikiwa hundi ya namna hiyo. Agosti 2025 alisaini na Lakers mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 165, fedha ambazo mimi na wewe hatutazihesabu maishani, lakini hazithibitishi kwamba aliikimbia Dallas kwa tamaa. Meneja mkuu wa Dallas wa wakati huo, Nico Harrison, aliueleza uamuzi wake kwa hoja kwamba ubingwa huletwa na ulinzi. Mimi nadhani hoja hiyo ilikuwa dhaifu kwa timu iliyotoka kucheza fainali miezi minane tu iliyopita ikiwa na mchezaji huyohuyo, lakini iwe dhaifu au iwe na nguvu, ilikuwa hoja ya ofisi.

Kama mfano huo uko mbali, chukua wa nyumbani. Hasheem Thabeet, mtoto wa jiji hili, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika usajili wa chipukizi wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na nakumbuka jinsi siku hizo hata watu wasiojua kikapu kina wachezaji wangapi uwanjani walivyolitaja jina la Memphis kana kwamba ni mtaa wa Ilala. Februari 2011 alihamishiwa Houston, na Machi 2012 akahamishiwa Portland. Sikumsikia mtu hata mmoja hapa mjini akisema Thabeet amewaacha watu wa Memphis. Kwa kuwa alikuwa wetu, tuliona wazi kwamba ni yeye aliyekuwa anahamishwa. Tunapokuwa upande wa wanaobaki, jicho hilo linafumba.

Sasa nije kwenye maumivu yenyewe, kwa maana kujua nani kauza hakuondoi uchungu wa kuuziwa. Mke wako amesema humjui Luka, na kwa maana moja amesema kweli. Luka akikutana nawe kivukoni Kigamboni atakupita bila kukusalimu. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya jambo hili wakati televisheni ikiwa bado ngeni majumbani. Walionyesha kwamba mtazamaji anayemwona mtu yuleyule kwenye kioo mara kwa mara hujenga naye ukaribu unaofanana sana na urafiki, isipokuwa unatoka upande mmoja. Watafiti waliofuata wakaona kwamba ukaribu huo ukikatika, moyo huumia kwa namna inayofanana na kuvunjika kwa uhusiano wa kawaida, ingawa kwa kiwango cha chini. Hakuna ugonjwa hapo. Moyo wa binadamu ulijifunza kupenda sura na sauti zamani sana kabla ya kioo kubuniwa, na haukupewa mafunzo ya kutenganisha.

Kwa shabiki wa huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo sijaliona likiandikwa, nami nalisema kwa kuwasikiliza watu wengi waliokaa kwenye kiti kilicho mbele yangu. Shabiki wa Dallas aliyeko Dallas hutazama mchezo jioni, nyumba imejaa, chakula kiko mezani, majirani wanasikika. Wewe uliutazama saa tisa na nusu usiku, ukiwa na spika za masikioni ili usiamshe mtu, simu umeifunika kwa shuka ili mwanga usimpige mke wako usoni, na huko nje hakuna kinachosikika ila feni na mbwa wa jirani. Kwa misimu saba, saa ambayo jiji zima limelala, mtu pekee aliyekuwa macho pamoja nawe alikuwa kijana huyo wa Slovenia. Pengine zilikuwemo usiku ambazo ulikuwa na deni, au baba yako alikuwa hospitalini, au kazi ilikuwa inayumba, na yeye alikuwepo akirusha mpira akiwa ameegemea nyuma kwa mguu mmoja. Ukaribu uliojengwa katika faragha kama hiyo huwa mzito, na unapokatika hakuna shahidi, kwa kuwa hata ulipokuwepo hakuna aliyeuona.

Ndiyo maana dhihaka ya kijiweni inauma mara mbili. Mwaka 1989 mtaalamu wa masuala ya huzuni, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ambazo jamii haimpi mtu ruhusa ya kuzionyesha, zile ambazo mwenye nazo hapewi pole kwa kuwa wengine hawaoni kilichopotea. Kwa lugha yetu ningesema ni msiba usio na turubai. Mtu akifiwa Tabata, viti vya plastiki vinashushwa kabla ya saa nne asubuhi, daftari la rambirambi linafunguliwa, na bosi wako anakupa siku chache za mapumziko. Wewe Jumatatu ile uliingia ofisini, ukafungua vitabu vya hesabu, na mtu wa kwanza aliyelitaja jambo hilo alilitaja kwa kicheko. Silinganishi kupoteza mchezaji na kufiwa, na ninajua wewe pia hulinganishi. Ninachosema ni kwamba huzuni ndogo iliyokosa pa kukaa hukaa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kuna kitu kingine nimekiona katika sentensi mbili za barua yako: "Mwaka 2024 tulifika fainali. Miezi minane baadaye wakamuuza." Tazama viambishi. Timu iliyofika fainali ni "tu". Timu iliyouza ni "wa". Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wakaonyesha kwamba siku ya Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi huvaa nguo zenye jina la chuo, na wakisimulia ushindi hutumia "sisi" zaidi kuliko wanaposimulia kushindwa. Watu wengi huutaja utafiti huo ili kuwacheka mashabiki. Katika hali yako mimi ninauona kwa upande mwingine. Kwa miaka saba ulikuwa ndani ya "sisi" fulani bila kujiuliza kama una hisa, kisha asubuhi moja uamuzi ukafanyika usiku wa huko bila hata wachezaji wenzake Luka kujua, nawe ukagundua kwamba katika lile "sisi" hukuwahi kuwa na kura. Ninashuku kwamba unachoshindwa kukitazama tangu siku hiyo ni hicho zaidi kuliko kikapu chenyewe.

Umeniuliza pia ufanye nini kati ya njia tatu. Nitakupa maoni yangu waziwazi, nawe uyapime.

Kuacha kikapu kabisa nakushauri usikuchague sasa. Mtu akiondoka akiwa na hasira huwa anaubeba mpira kichwani. Kuhusu Dallas na Lakers, nataka kwanza nikuondolee hofu ambayo hukuitaja lakini inasomeka. Hapa mjini kuhama timu huonwa kuwa fedheha. Simba na Yanga mtu huzirithi kwa baba yake, na atakayehama atasemwa hadi siku ya arusi ya mwanawe. Wewe Dallas hukuirithi. Hukuwa nayo mwaka 2011 ilipotwaa ubingwa chini ya Dirk Nowitzki, mtu aliyeichezea timu hiyo peke yake kwa misimu 21. Uliingia mwaka 2018 kupitia mlango wa Luka. Kumfuata mtu aliyekuleta si usaliti, na kubaki katika nyumba aliyokuonyesha si ujinga.

Mashabiki waliokutangulia katika njia hii hawakuishia mahali pamoja. Mwaka 2010 LeBron James alitangaza kwenye televisheni kwamba anaondoka Cleveland, na jezi zake zikachomwa moto barabarani. Mwaka 2014 alirudi, na mwaka 2016 akawapa ubingwa wa kwanza katika historia ya timu hiyo, na sidhani kama siku hiyo kuna aliyejivunia kuwa alichoma. Kevin Durant aliondoka Oklahoma City tarehe 4 Julai 2016 na kujiunga na Golden State, timu iliyokuwa imetoka kuwafunga baada ya wao kuongoza kwa michezo mitatu dhidi ya mmoja. Huyo alichagua, na hasira ya watu wa Oklahoma ilikuwa na anwani sahihi. Waliobaki walisubiri miaka tisa. Shai Gilgeous-Alexander aliletwa mwaka 2019 katika biashara ileile iliyomtoa nyota mwingine, Paul George, na mwaka 2025 Oklahoma City wakawa mabingwa. Kwa hiyo wapo waliosamehe mtu, na wapo waliosubiri na nyumba. Hasira yako wewe, tofauti na ya watu wa Oklahoma, imeandikwa anwani ya mtu asiyehusika.

Jipime hivi. Usianze na mchezo wa moja kwa moja. Tafuta kwanza marudio ya mchezo wa tarehe 9 Aprili 2025, siku Luka aliporudi Dallas akiwa na jezi ya Lakers, na uutazame jioni sebuleni, sauti ikiwa juu. Utaona viti vya uwanja vimetandikwa fulana zenye maneno ya Kislovenia ya kumshukuru kwa yote. Utamwona ameketi kwenye benchi, taulo mkononi, anajifuta machozi wakati video ya kumkumbuka inaonyeshwa. Kisha atasimama na kufunga pointi 45 dhidi ya timu uliyoiita yetu, na Lakers watashinda 112 kwa 97, huku mashabiki wa Dallas wakimshangilia yeye na kupaza sauti wakitaka meneja wao afukuzwe. Tazama uso wake katika dakika zile za mwanzo, kisha uniambie kama huyo ni mtu aliyekuacha. Siku nyingine tazama mchezo wa Dallas ya sasa, yenye Cooper Flagg, kijana waliyempata Juni 2025 baada ya kuibuka wa kwanza katika droo ya kupanga nani atangulie kuchagua chipukizi, ambayo nafasi yao ya kuibuka wa kwanza ilikuwa chini ya mbili kwa mia. Na Harrison hayupo tena, aliondolewa Novemba 2025. Mwili wako utakujibu kabla ya akili. Mpira ukiwa hewani dakika ya mwisho, upande unaojikuta unauombea ndio wako. Ukijikuta unaziombea zote mbili, ziombee zote mbili. Hakuna kadi ya uanachama utakayodaiwa.

Mke wako usijaribu kumweleza kanuni za mikataba. Mweleze zile saa tisa za usiku, ulikuwa unawaza nini. Nadhani hajawahi kuambiwa kwamba kulikuwa na kitu kinakuweka macho zaidi ya mpira. Kijiweni hutawaweza, na utani si vita. Nunua kahawa, wacheke, ngoja zamu yao dirisha la usajili likifunguliwa. Lakini kama ukikaa peke yako unaona kwamba kukosa hamu huku hakuishii kwenye kikapu, kwamba usingizi umepungua hata usiku usio na mchezo, au hasira inaangukia watu wa nyumbani, basi Luka ni kisingizio tu cha jambo jingine, nami ningependa uje tuzungumze ana kwa ana au umwone mshauri aliye karibu nawe.

Na kama ratiba inaruhusu, jioni moja ukitoka kazini usipande daladala moja kwa moja. Pitia JMK Park pale Kidongo Chekundu, au Don Bosco siku kuna mchezo wa ligi ya mkoa. Simama karibu na mstari, mahali unaposikia raba zikilia sakafuni na kocha akiita majina. Wachezaji wa pale nao huhama, leo yuko Pazi, kesho yuko JKT, ila huyo ukimpenda unaweza kumngoja mchezo uishe ukamuuliza mwenyewe kwa nini amehama, naye akakujibu huku anafungua kamba za viatu.

Jezi usiichome wala usiiuze. Luka bado anavaa namba 77, kwa hiyo mgongo wa jezi yako haujapitwa na wakati. Kilichobadilika ni maandishi ya mbele. Itoe kwenye mfuko angalau, maana joto la Dar es Salaam litakapokutana na zile herufi za kubandika huko juu ya kabati, zitagandana, na hapo hutakuwa na cha kuamua tena. Na mama yako mfikishie salamu zangu. Mwambie swali lake lilikuwa zuri kuliko lako.